Seva yako ni MySQL au MariaDB? Namna ya kusoma logi inayotaja majina mawili

"Yaya, nilitiaka MySQL mu mashini, lakini mu logi beko banaandika MariaDB. Kuko muntu aliingia mu ordinatere yangu?"

Huyo ni kijana wa Katuba anayetunza mashini ya farmasi. Kabla yake alinipigia mama mwenye depo ya vinywaji kule Kenya (simaanishi nchi, hapa Lubumbashi Kenya ni komini), na kabla ya huyo mama walikuja wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho na programu yao ya kusimamia minerval (karo) ya shule. Swali ni lile lile, kila mmoja analivalisha nguo yake. Naliandikia mara moja, ili anayefuata nimtumie huu mwongozo nami nimalize bukari (ugali) yangu ikiwa bado ya moto.

Jibu la haraka: hakuna mtu aliyeingia. Seva yako, yaani programu ya hifadhidata inayotunza data, ni moja, ila imerithi majina mawili. Logi ni faili ambamo inaandika kila inachofanya. Kazi ni kujua jina lipi linasema kweli, maana ukikosea hapo utapakua programu isiyo yako, utafuata dawa ya ugonjwa wa mwingine, na siku mbaya zaidi utaharibu data ya mwenye duka.

Nadharia nitakayokupa ni hii tu. MySQL ilianzia Sweden, na mmoja wa waanzilishi wake, Michael Widenius, aliipa jina la binti yake My. Kampuni iliuzwa kwa Sun mwaka 2008, kisha Sun yenyewe ikanunuliwa na Oracle mwaka 2010. Widenius alikuwa ameshachukua msimbo ule ule na kuanza tawi lingine, akaliita MariaDB kwa jina la binti yake mdogo, Maria. Tawi hilo lilitakiwa kukaa mahali pa MySQL bila programu za watu kushtuka, kwa hiyo lilibaki na vitu vyote vya zamani: programu ya `mysqld`, folda ya `/var/lib/mysql`, mtumiaji wa mfumo anayeitwa `mysql`, poti 3306 (namba ya mlango ambao programu nyingine hupitia kuifikia seva). Majina mapya yalikuja polepole. Toleo la 10.4 lilileta `mariadbd` kama njia ya mkato inayoelekeza kwenye `mysqld`. Toleo la 10.5 likageuza, `mariadbd` ikawa programu yenyewe na `mysqld` ikawa njia ya mkato. Ndiyo maana ukurasa mmoja wa logi unaweza kutaja majina yote mawili, wakati mwingine ndani ya mstari mmoja.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nenosiri la `root` (mtumiaji mkuu) la hifadhidata, au ruhusa ya `sudo` (amri za msimamizi) kama uko kwenye Linux.
- Kifaa cha kuwekea akiba (nakala ya data): USB au diski ya nje yenye nafasi kuliko ukubwa wa folda ya data.
- Nusu saa ya umeme wa hakika. Kama mtaani kwenu umeme unakatwa jioni, usianze saa kumi na moja. Fanya asubuhi, au uwe na UPS.
- Daftari na kalamu. Sitanii. Mashini ikizima, daftari halizimi.

Mega (data ya intaneti) hazihitajiki hata moja. Nalisema hilo kwa sababu wengi wakiona jina geni kwenye logi, la kwanza wanalofanya ni kupakua "MySQL ya kweli", na mega za wiki nzima zinaisha kabla hata hawajajua tatizo.

Hatua ya 1. Tafuta logi iko wapi

Kama unatumia XAMPP (kifurushi kinacholeta seva ya wavuti, PHP na hifadhidata kwa pamoja) kwenye Windows, faili ni hili:

```
C:\xampp\mysql\data\mysql_error.log
```

Unaweza pia kulifungua kwa kitufe cha Logs kwenye paneli. Angalia tayari mchezo wa majina: paneli inasema MySQL, folda inasema mysql, faili linasema mysql, na ndani yake ni MariaDB. XAMPP iliacha kubeba MySQL mwaka 2015 ikaweka MariaDB, lakini maandishi ya paneli hayakubadilika. Yule mama wa depo alikuwa na hilo tu, hakuna zaidi.

Kwenye Debian au Ubuntu (aina mbili za Linux), jaribu moja ya hizi:

```
sudo journalctl -u mariadb
sudo journalctl -u mysql
sudo less /var/log/mysql/error.log
```

Usipoona kitu, iulize seva yenyewe kwa `SHOW VARIABLES LIKE 'log_error';`. Jibu likiwa tupu, maana yake seva haiandiki kwenye faili lake. Kwenye Linux ujumbe wake unakwenda kwenye logi ya mfumo, inayosomwa kwa journalctl.

Hatua ya 2. Nakili logi kabla ya kugusa kitu

Nakili faili zima kwenye USB, ulipe jina lenye tarehe. Ukishaanza kuzima na kuwasha seva, mistari mipya itasukuma ile ya zamani mbali, na huenda iliyokuwa na jibu ndiyo utakayoipoteza. Kwenye Linux:

```
sudo journalctl -u mariadb --no-pager > logi-kabla.txt
```

Hatua ya 3. Tafuta mstari wa Version, na hapo soma kilicho ndani ya alama za nukuu tu

Hii ndiyo hatua yenyewe, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Kila seva ikiwa tayari kupokea wateja, inaandika mistari inayofanana na hii. Kwenye XAMPP 8.2.12 utakuta:

```
c:\xampp\mysql\bin\mysqld.exe: ready for connections.
Version: '10.4.32-MariaDB'  socket: ''  port: 3306  mariadb.org binary distribution
```

Kwenye Debian 12:

```
/usr/sbin/mariadbd: ready for connections.
Version: '10.11.6-MariaDB-0+deb12u1'  socket: '/run/mysqld/mysqld.sock'  port: 3306  Debian 12
```

Na kwenye Ubuntu 22.04 yenye MySQL:

```
[System] [MY-010931] [Server] /usr/sbin/mysqld: ready for connections. Version: '8.0.36-0ubuntu0.22.04.1'  socket: '/var/run/mysqld/mysqld.sock'  port: 3306  (Ubuntu).
```

Tazama mfano wa kwanza na wa tatu. Zote mbili zinaanza na `mysqld`. Ukisimama hapo utasema ni ndugu pacha. Lakini ndani ya alama za nukuu, moja inasema `10.4.32-MariaDB` na nyingine inasema `8.0.36` bila neno MariaDB popote. Tazama tena mfano wa pili: `mariadbd` iko mstari wa kwanza, na chini yake soketi (faili ambalo programu za mashini hiyo hiyo hupitia kuzungumza na seva) bado inaitwa `mysqld.sock`. Jina la soketi ni jina la faili tu, kama kibao cha zamani juu ya duka lililobadilisha mmiliki. Wateja wanakijua, ndiyo maana hakuna aliyekishusha.

Kwa hiyo jina la programu lililo mbele ya nukta mbili haliamui. Njia ya folda haiamui. Jina la soketi haliamui. Kinachoamua ni maandishi kati ya nukuu baada ya `Version:`.

Kuutafuta haraka kwenye Windows:

```
findstr /C:"Version:" C:\xampp\mysql\data\mysql_error.log
```

Na kwenye Linux:

```
sudo journalctl -u mariadb | grep "Version:"
```

Mistari ikiwa mingi, chukua wa mwisho. Ya juu ni ya siku za nyuma, na huenda seva ilishapandishwa toleo tangu hapo.

Kuna ishara nyingine mbili zinazosaidia logi ikiwa imekatika na huoni mstari wa Version. Ya kwanza ni namba zinazoanza na `MY-` ndani ya mabano ya mraba, kama `[MY-010931]`. Hizo ni za MySQL kuanzia 8.0, MariaDB haiziandiki. Ya pili ni neno `Aria`. Aria ni injini ya hifadhi (sehemu inayoandika data kwenye diski) ya MariaDB, MySQL haina. Hapo mwanzo injini hiyo yenyewe iliitwa Maria. Hifadhidata nzima ilipochukua jina la MariaDB watu wakachanganyikiwa, injini ikaondolewa herufi ya kwanza. Vurugu za majina hazikuanzia kwako.

Neno `InnoDB`, injini nyingine ya hifadhi, halikusaidii. Liko kwa wote.

Hatua ya 4. Iulize seva yenyewe

Logi ni shahidi. Mwenye jambo yuko hai, muulize:

```
SELECT VERSION(), @@version_comment;
```

MariaDB itajibu kitu chenye `-MariaDB` ndani yake. MySQL ya Oracle kwa kawaida itakupa namba tupu, na pembeni `MySQL Community Server - GPL`, au `(Ubuntu)` kama imetoka kwa Ubuntu. Ukiona `Percona Server`, hilo ni tawi la tatu, nalo pia programu yake inaitwa `mysqld`. Kwa mambo mengi ya kila siku lichukulie kama MySQL.

Wenye phpMyAdmin (ukurasa wa kusimamia hifadhidata kwenye kivinjari) ya Kifaransa, kama wengi wetu hapa, angalieni ukurasa wa kwanza upande wa kulia, palipoandikwa « Type de serveur » na « Version du serveur ». Hapo inasemwa bila kuzunguka.

Tahadhari mbili hapa, maana ndipo wengi wanapoteleza.

Usitumie `mysql -V` kama jibu. Amri hiyo inaonyesha toleo la *mteja*, yaani programu unayoandikia amri, na seva inaweza kuwa nyingine kabisa. Tena mteja wa MariaDB anaandika kitu kama `mysql  Ver 15.1 Distrib 10.11.6-MariaDB`. Mwanafunzi mmoja kati ya wale wawili aliandika kwenye kazi yake kwamba shule inatumia "MySQL 15.1". Toleo hilo halipo. 15.1 ni namba ya mteja peke yake.

La pili ni `5.5.5-`. Ukiunganisha programu fulani na MariaDB ya kabla ya 11.0, unaweza kuona toleo limeandikwa `5.5.5-10.4.32-MariaDB`. Tarakimu za mbele ni hila: seva za zamani za MySQL zilizotaka kunakili data kutoka kwa nyingine hazikujua kusoma namba kuu yenye tarakimu mbili, basi MariaDB ikawa inajitanguliza kwa jina la uongo ili ikubaliwe mlangoni. Programu isiyojua hila hiyo itakulalamikia kwamba "MySQL 5.5.5 ni ya zamani mno". Puuza sehemu hiyo, soma inayofuata.

Hatua ya 5. Hakikisha seva iko moja tu

Kama majibu ya hatua ya 3 na ya 4 hayalingani, usiilaumu logi bado. Huenda mashini ina seva mbili. Hapa mjini naona hilo zaidi kwenye WampServer, kifurushi kama XAMPP, ambayo inakuja na MySQL na MariaDB kwa pamoja, kila moja na poti yake. Na kwa mtu aliyeweka XAMPP juu ya MySQL aliyoisahau tangu mwaka wa kwanza wa chuo.

Windows:

```
netstat -ano | findstr :330
tasklist /FI "PID eq 4812"
```

Badilisha 4812 kwa namba uliyoiona mwisho wa kila mstari wa jibu la amri ya kwanza. Linux:

```
sudo ss -ltnp | grep :330
```

Jina la programu utakaloona hapa linaweza kuwa `mysqld` kwa zote mbili, kwa hiyo rudia `SELECT VERSION()` kwa kila poti. Kwenye mashini za Linux taja `-h 127.0.0.1 -P 3307`, kwa mfano. Ukiandika `localhost` bila zaidi, mteja anaweza kupita kwenye soketi na poti uliyoitaja isitazamwe.

Hatua ya 6. Andika kadi ya seva

Kwenye daftari, na kwenye faili la maandishi ndani ya mashini, andika: bidhaa, toleo kamili, mfumo wa uendeshaji, poti, logi iko wapi, folda ya data iko wapi. Mistari sita. Mimi naibandika hata kwenye sanduku la mashini kwa sellotape, maana anayekuja kuitengeneza kesho si lazima awe mimi.

Kuanzia hapo tumia jina moja katika ripoti, faktire (ankara) na ujumbe. Ukimwandikia mtu "MySQL imegoma" wakati ni MariaDB, atakupa dawa ya MySQL. Na ukifika mahali pa kuripoti kosa la programu yenyewe, milango ni tofauti: MariaDB wanapokea kwenye JIRA yao na kesi zao zina namba zinazoanza na `MDEV-`, MySQL wanapokea kwenye bugs.mysql.com.

Hatua ya 7. Rekebisha skripti zinazosoma logi

Hii ni kwa wenye skripti (programu fupi) zinazochungulia logi usiku na kutuma SMS seva ikigoma. Kama huna, ruka.

Niliwahi kuandikia kampuni moja ya usafirishaji, malori ya njia ya Kasumbalesa, skripti iliyotafuta maneno `mysqld: ready for connections`. Ilifanya kazi vizuri kwenye Debian 10. Tukapanda Debian 11, ambayo MariaDB yake ni 10.5, na usiku huo huo mkubwa wa ofisi akapokea SMS kila dakika tano kwamba seva imekufa. Seva ilikuwa mzima. Ilikuwa imebadilisha jina tu, sasa inaandika `mariadbd`. Asubuhi sikupewa chai.

Andika hivi, ikubali majina yote:

```
grep -E "(mysqld|mariadbd)(\.exe)?: ready for connections"
```

Afadhali zaidi, usitegemee jina kabisa. Ikague seva kwa kuiuliza `SELECT 1`, na makosa uyatambue kwa namba zake. Namba 1045 ni kukataliwa kuingia, iwe MySQL au MariaDB, iwe ujumbe umeandikwa Kiingereza au Kifaransa. Maneno ya ujumbe hubadilika kutoka toleo hadi toleo, namba inabaki.

Skripti zinazoita `mysql` na `mysqldump` (programu ya kutoa akiba ya data) anza kuzibadilisha ziite `mariadb` na `mariadb-dump` kama seva ni MariaDB. Matoleo mapya ya 11 yanaanza kulalamika `Deprecated program name` kila ukitumia jina la zamani. Ni onyo, halizuii kazi, ila likiingia ndani ya faili la akiba kwa sababu ulielekeza kila kitu huko, utalijutia siku ya kurudisha.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

*Kuhamisha folda ya data kutoka MariaDB kwenda MySQL 8.* Hili ndilo baya kuliko yote. Kijana aliona `mysqld` kwenye logi, akahitimisha ni MySQL, akaweka MySQL 8 na kuielekeza kwenye folda ile ile ya zamani. Mafaili yana majina yanayofanana, lakini ndani yamepangwa tofauti. MySQL kuanzia 8.0 ina kamusi yake ya data ambayo MariaDB haina. Ukitaka kuhama, hama kwa `mysqldump` au `mariadb-dump`, faili la `.sql`. Kamwe usihame kwa kunakili folda.

*Kubadilisha jina la folda `/var/lib/mysql` liwe `mariadb`* ili "lilingane". Usifanye. Jina hilo ndilo linalotakiwa, na mtumiaji wa mfumo `mysql` vilevile.

*Kuandika mipangilio chini ya kichwa kisicho sahihi.* MariaDB inasoma `[mysqld]` na pia `[mariadb]`. MySQL haisomi `[mariadb]`, na haitakwambia: mpangilio wako utapuuzwa kimya kimya. Kama hujui mashini itakuwa na ipi kesho, andika chini ya `[mysqld]`.

*Kufuata video moja kwenye mifumo miwili.* Kwenye Debian, tangu ile ya 9 ya mwaka 2017, kifurushi cha `default-mysql-server` kinakuletea MariaDB. Kwenye Ubuntu, `mysql-server` ni MySQL ya kweli. Ninyi wawili mmeandika karibu kitu kimoja, mmepata seva mbili tofauti, na kila mmoja anamwambia mwenzake amekosea.

Ukikwama

*Paneli ya XAMPP inaandika `MySQL shutdown unexpectedly`.* Paneli haijui sababu, fungua logi. Ukiona habari za poti 3306 kutumiwa tayari, rudi hatua ya 5. Ukiona `Plugin 'Aria' registration as a STORAGE ENGINE failed`, mara nyingi ni umeme uliokatika seva ikiwa inaandika. Zima kila kitu, nakili folda nzima ya `data` mahali salama, kisha *hamisha* (usifute) faili la `aria_log_control` na yale yanayoanza na `aria_log.`, washa tena. Ikiwaka, kagua meza zote:

```
C:\xampp\mysql\bin\mysqlcheck -u root -p --all-databases
```

Na `ibdata1`, faili kuu la InnoDB, usiliguse. Mtandaoni kuna ushauri wa kuchukua folda ya `backup` ya XAMPP na kuiweka mahali pa `data`. Wanaousahau mstari wa ushauri huo unaosema `ibdata1` ya zamani irudishwe ndio wanaoniletea kosa 1932, `doesn't exist in engine`: meza zinaonekana kwa majina, ndani hakuna kitu. Kama folda ya zamani bado unayo, rudisha `ibdata1` yake pamoja na mafaili ya `ib_logfile`.

*`Can't connect to local MySQL server through socket`, wakati una MariaDB.* Anayezungumza hapo ni mteja, wala seva haijafikiwa. Matoleo mapya ya MariaDB yameondoa neno MySQL kwenye ujumbe huo. Angalia kama seva inawaka: `systemctl status mariadb`.

*`Access denied` namba 1698 kwa `root`, na nenosiri una hakika nalo.* Kwenye Linux, `root` wa hifadhidata huingia kwa kutambuliwa na mfumo. Jaribu `sudo mariadb`, au `sudo mysql` kwenye MySQL ya Ubuntu.

*`Unknown collation: 'utf8mb4_0900_ai_ci'` unaporudisha akiba.* Faili limetoka MySQL 8, unaliweka kwenye MariaDB isiyoujua mpangilio huo wa herufi. Fungua nakala ya faili, badilisha neno hilo liwe `utf8mb4_unicode_ci` kila mahali, rudisha tena.

*`Unknown command '\-'` kwenye mstari wa kwanza.* Kinyume chake: faili limeandikwa na `mariadb-dump` ya 2024 au baadaye, ambayo inaweka mstari wa usalama mwanzoni, na mteja wa zamani au wa MySQL hauelewi. Futa mstari huo wa kwanza unaotaja `sandbox mode` kwenye nakala ya faili.

*Huna mashini tena, una faili la `.sql` tu, na unataka kujua lilitoka seva gani.* Mstari wa juu utasema `-- MariaDB dump` au `-- MySQL dump`, lakini huo unataja programu iliyoandika faili. Shuka mistari michache, tafuta `-- Server version`. Hilo ndilo la seva, na lisipofanana na la juu, amini la chini.

*Logi au ujumbe uko kwa Kifaransa, `Accès refusé pour l'utilisateur`, na huoni msaada popote.* Seva imewekewa `lc_messages` ya Kifaransa. Chukua namba ya kosa utafute kwa hiyo, au kwa muda wa kipindi chako andika `SET lc_messages = 'en_US';` kisha rudia amri iliyokosea.